Nilimpangia Nesto Daraja la Tatu

Nilimtangaza rafiki yangu kwa kopo. Ndiyo, kwa kopo! Nilisimama juu ya kreti la soda mbele za watu, nikaweka kopo mdomoni, nikapayuka kwamba ni mkimbizi. Nilitaka watu wacheke. Na walicheka, jamani, walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hicho kicheko ndicho kinachoniua hadi leo.

Jina langu mniachie. Niko kidato cha pili, na mwalimu wetu wa hesabu anasema mdomo wangu nimeuazima kwa shetani na bado sijaurudisha. Nilikuwa nachukulia kama sifa. Mjinga mimi!

Nyuma ya soko letu la Mwanga kuna ghala bovu lililong'olewa paa, limebaki kuta na sakafu ya saruji. Kila Jumamosi tulikuwa tunashindanisha vigari pale. Kigari ni mbao tu, na magurudumu yake ni beringi tunazoombaomba gereji; ukizikosa, unachonga ya mbao. Dereva anakaa, anavuta kamba za usukani. Msukumaji anainama nyuma yake na kukimbia kama kafukuzwa na nyuki. Mnazunguka ghala, beringi zinapiga kelele mpaka masikio yanawasha.

Mimi sikuwa dereva. Nilijaribu, nikaacha jino ukutani. Nikawa mtangazaji. Kipaza sauti changu kilikuwa kopo la mafuta ya msaada, yale ya wakimbizi yanayoishia kuuzwa sokoni. Nililitoboa kitako, likawa tarumbeta.

Dereva mkali kuliko wote alikuwa Nesto, jirani yetu. Alikuwa anaishi na mama yake mdogo, muuza mawese. Walivuka kutoka Burundi vita ilipochacha kwao. Walitakiwa wakae kambini kama wenzao, lakini yule mama alichoka kulala chini ya turubai, wakaja kujichanganya na sisi mjini. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulinyamaza. Maana mkimbizi akikamatwa huku mjini, anapakiwa kwenye lori na kurudishwa kambini.

Sasa, Nesto alikuwa hashindwi. Madereva wengine wakaanza kukimbia mashindano. Leo huyu anaumwa tumbo, kesho yule katumwa maji. Ghala likapoa. Ndipo nikatoa wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri: tuwe na madaraja, kama treni yetu ya Dar. Wenye beringi kubwa daraja la kwanza, wenye ndogo la pili, wenye magurudumu ya mbao la tatu. Kila daraja na mshindi wake. Madereva wakarudi wote! Nikajiona waziri wa uchukuzi.

Ningeishia hapo! Jamani, ningeishia hapo tu!

Jumamosi moja nikapanda kreti, nikatangaza sheria mpya. "Leo daraja halipangwi kwa gurudumu, linapangwa kwa ulimi! Kila dereva aseme: lori la Lulu limelala. Atakayeteleza, daraja la tatu!"

Mnazijua ndimi za huku kwetu. Mtu aliyekulia kwenye Kiha au Kirundi, L inageuka R yenyewe, bila kuombwa. Mimi mtoto wa mjini, najidai Kiswahili changu kimenyooka kama reli. Akaja dereva wa kwanza, Muha wa Kasulu kabisa. "Rori ra Ruru rimerara." Ghala likalipuka. Wa pili, yale yale. Akafuata Nesto.

"Acha hizo, bwana," akaniambia. "Tuendeshe."

"Sema, dereva! Abiria wanasubiri!"

"Haya. Rori ra Ruru rimerara." Alisema huku anacheka. Alidhani tunacheka wote.

Ningesema "daraja la tatu" nikanyamaza, yangekwisha. Lakini niliona watu hawakumcheka kuzidi wenzake, nami nilikuwa nataka kicheko cha kufungia kazi. Nikavuta pumzi. "Daraja la tatuuu! Behewa la wakimbizi! Abiria kutoka Burundi moja kwa moja!"

Mlangoni kulikuwa na mgambo, anatafuna muwa. Sikumwona.

"Nani katoka Burundi?"

Nikashuka kwenye kreti. "Shikamoo, afande. Ni utani tu."

"Sijauliza utani. Nimeuliza nani."

Hakuna aliyetaja jina. Naapa, hakuna! Lakini macho yetu, haya macho, yakaenda yenyewe kwa Nesto. Nesto akasimama kutoka kwenye kigari taratibu. Hakumtazama mgambo. Alinitazama mimi.

"Na hii nayo inachekesha?" akaniuliza.

Lori likaja kesho yake asubuhi. Lori, ndugu zangu! Neno nililolichagua kwa mdomo wangu mwenyewe! Nesto alipanda, mama yake mdogo akafuata na furushi la nguo, madumu ya mawese yakabaki kibarazani. Mimi nilikuwa nimejificha chooni kwetu, nachungulia kwenye tundu la bati. Mwenye mdomo mrefu kuliko wote mtaani, nikakosa hata neno la kumuaga.

Jumamosi iliyofuata nikaenda ghalani na kopo langu. Hakuja dereva hata mmoja. Nikamfuata yule wa Kasulu kwao, nikambembeleza arudi.

"Ulimi wangu si ndio ule ule wa Nesto?" akanijibu. "Nikija, mimi utaniitia nani?"

Siku hizi mbuzi ndio wanalala ghalani.

Nyie wenzangu mnaopenda kuchekesha, nawaomba. Kabla hujamgeuza mwenzako kuwa kichekesho, angalia mlangoni kasimama nani. Hata kama hakuna mtu mlangoni, nyamaza. Mimi nimepoteza rafiki kwa ajili ya kicheko ambacho waliocheka wenyewe wamekisahau.

Kigari cha Nesto nilikileta nyumbani. Mama hakuwepo siku zile, alikuwa Simbo kwa bibi anavuna mihogo. Aliporudi akakiona uani.

"Hiki si cha Nesto? Yeye yuko wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka kopo. Mama na yule muuza mawese walikuwa wanapiga soga uani kila jioni, huyu kwa Kiha, yule kwa Kirundi, na sijawahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake rudia. Nilijua nachapwa. Hata shati nilishavua.

Hakunichapa. Akatua kikapu cha mihogo, akakaa juu ya kigari cha Nesto, akashika kamba za usukani, akasema:

"Riite hiro rori rirudi, mwanangu. Na mimi ni daraja ra tatu."