Nilivyomfuata Marjani kwa Bibi wa Punda

Jamani, niacheni niseme mwenyewe, maana Shomari keshawasimulia ya kwake, na nusu yake uongo. Aliyekwenda Bagamoyo kwa miguu ni mimi, goti limevimba kama dafu, kumfuata punda wangu Marjani. Mnamjua wote hapa Mlingotini, yule mweupe wa Kimasikati aliyeniachia marehemu mume wangu. Mimi mkunga, na tangu goti linikatae, Marjani ndiye anayenifikisha kwa wazazi. Mwanamke akishikwa uchungu huko mashambani, nikimkosa Marjani nitafika mtoto keshatambaa.

Basi siku ya tatu baada ya Idi nikamwazima punda Shomari, mtoto wa dada yangu, lijitu zima na ndevu zake, apeleke nazi mjini. Alasiri karudi, kamba mkononi, punda hana.

"Mama mkubwa, kachukuliwa."

"Na nani?"

"Na yule bibi wa Kizungu anayekusanya punda. Kasema mgonjwa. Kanipa na karatasi hii."

"Na wewe ukampa tu?"

"Aliomba kwa upole, mama."

Kwa upole! Nikamtazama Shomari machoni, nikamtazama mikononi, nikamnusa mpaka nguo. Nilidhani kamuuza. Lakini angemuuza angekuja na uongo mzuri kuliko huo.

Kulipopambazuka tukaondoka. Shomari nilimtanguliza mbele nimwone, asije akapotelea migombani. Ile karatasi nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nimesoma Kurani chuoni mpaka juzuu ya kwanza, nikaolewa. Herufi zile za Kizungu sikuijua hata moja. Kila hatua nawaza: kwa nini mtu amtake punda wa mwenziwe? Nani anakusanya magonjwa?

Zinga tulifika jua limepanda. Nikapiga hodi kwa somo yangu Bi Tatu, akanipa uji na mkeka. Mkwewe Subira ana mimba ya kwanza, tumbo limeshuka. Nikampapasa. Mtoto keshageuza kichwa, siku saba, nane, hazizidi.

"Utakuja, bibi?" Subira akaniuliza, kanishika mkono hataki kuuachia.

"Nikimpata Marjani nitakuja."

Bi Tatu akaichukua ile karatasi, akaigeuza juu chini. "Haya maandishi? Kuku kapita hapa na tope." Kisha akanisogelea. "Somo, mimi nimesikia wanawachemsha. Mafuta yao ndiyo mishumaa wanayowasha."

"Usinitie wazimu."

"Nakwambia nilichosikia. Wanawalisha kwanza wanenepe."

Mumewe Subira, Mbaraka, akacheka huko uani. "Mama, Marjani akitoa mshumaa mmoja, mimi naunywa!" Nikamwambia acheke vizuri, maana mkewe akishikwa uchungu nisipofika atalia yeye.

Bagamoyo tuliingia adhuhuri. Msafara ulikuwa unashuka kutoka bara, wapagazi na pembe mabegani, ngoma mbele, vumbi mpaka kooni. Tukawapisha. Kila tuliyemuuliza alijua kwa bibi wa punda, wakatuelekeza nyuma ya mji kwenye shamba la minazi, ua wa makuti.

Kabla sijapiga hodi nikachungulia kwenye tundu la makuti. Sikatai, nilichungulia. Naona sufuria kubwa jikoni, moshi unafuka. Naona farasi, mnyama mrefu ajabu, mbavu zote nje, ametundikwa! Turubai chini ya tumbo, kamba mpaka kwenye boriti. Nikamshika Shomari shingo. "Unaona? Unaona ulipompeleka?"

"Nani huyo anayegombana na ua wetu?" Akatoka mzee mmoja, Mnyamwezi, jina lake Farijala, zamani mpagazi, sasa mtunza wanyama pale. Nikamsalimia kwa ukali, akaniitikia kwa adabu. Nikamwambia nimekuja kuchukua mali yangu kabla haijaingia sufuriani.

Mzee akacheka mpaka akaketi. "Bibi, njoo unuse." Nikanusa. Maji ya chumvi, ya kuoshea vidonda. Na yule farasi? Msafiri mmoja wa Kizungu alirudi naye kutoka bara, nzi wa ndorobo wamemuuma huko njiani, akamtupa akapanda meli. Miguu haimbebi, ndiyo wakamfungia turubai asilale, maana farasi wa hivyo akilala haamki. Nikasogea. Akanipulizia pumzi mkononi, moto, kama mtoto mwenye homa. Lakini sikulainika. Mtu anaweza kumtunza farasi wake akamla punda wangu.

Bibi mwenyewe akaja, mwembamba, kofia kubwa, mikono imejaa dawa. Kiswahili anakijua, anakitafuna tu. Akanieleza kwamba kwao kuna watu wameshirikiana, wanachanga, wanaleta dawa kwa ajili ya farasi na punda wanaoteswa.

"Farasi na punda tu?" nikamuuliza. "Na hao wapagazi niliopishana nao sasa hivi, mabega yamechunika, wao nani anawachangia?"

Uso ukamwiva. "Mimi nimetumwa kwa wanyama, bibi. Hilo ulilosema najiuliza na mimi."

Basi hapo nikamwamini robo. Mwongo angekuwa na jibu.

Wakanileta kwa Marjani. Yallah! Sikumtambua. Miguu kwato mpaka magoti imesuguliwa imebaki rangi ya waridi, mkia nao.

"Alikuja na damu miguu yote minne," akasema yule bibi, na huruma zake. "Tumesugua tangu jana, damu haitoki."

Nilishika kiuno. "Damu? Mama wee, hiyo hina! Nimemtia hina ya Idi, nimekesha naye kama bi harusi, na wewe umeikwangua!"

Farijala kageukia ukutani, mabega yanamcheza. Shomari kakaa chini kabisa. Kumbe yule mzee alijua tangu mwanzo! "Nilimwambia, bibi," akasema, "lakini akishashika brashi hasikii." Yule Mzungu akauliza hina ni nini, nikamwonyesha viganja vyangu, akajishika kichwa. Nilifurahi mie! Nikaanza kufungua kamba ya Marjani. Nimeshinda, naondoka na punda wangu.

Ndipo Farijala akaacha kucheka. Akainua kitambaa kilichokuwa mgongoni kwa Marjani.

"Na hiki, bibi? Hiki nacho hina?"

Kidonda upana wa kiganja. Pale pale mti wa tandiko unapokaa. Wamekiosha, nyama inaonekana.

Jamani, nilikijua. Mwezi mzima kabla ya Idi niliona pamechubuka, nikapaka hina pakauke, rangi ikaziba, nikaweka tandiko, nikapanda. Ng'o, sikupafunua tena. Mimi, ninayewagombeza wakwe zenu kwa kumfunga mzazi kitambaa kichafu! Marjani akanigeuzia kichwa, akaninusa kanga kutafuta ganda la ndizi. Hana hata kinyongo.

"Siku arobaini," yule bibi akasema. "Asibebe kitu. Ni wako, ndivyo nilivyoandika kwenye ile karatasi, ukitaka mchukue leo, sitakuzuia."

Arobaini! Hiyo ndiyo ninayowapa wazazi wangu. Nikamfikiria Subira na siku zake saba. Kamba ninayo mkononi. Nikasimama pale pale, nikaifunga tena kwenye nguzo, kwa mkono wangu. Lakini nikamwambia Farijala, akipungua hata unywele mmoja nitakuja na wanawake wa Mlingotini wote.

Tulilala mjini kwa ndugu, asubuhi tukarudi. Kufika Zinga goti likagoma kabisa, nikaanguka uani kwa Bi Tatu kama gunia. Subira aliponiona bila punda akaanza kulia.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mbaraka! Leta nguo nzito na mti mrefu." Nikawafungisha machela, Mbaraka mbele, Shomari nyuma, wakanileta mpaka hapa, mliniona nikiingia kama bibi wa liwali. Nikamwagiza Mbaraka, siku mkeo akishikwa, njoo na watu na machela hii hii. Na tangu siku hiyo kila mwanamume anayenitaka kwa mkewe nampa sharti hilo hilo.

Wale Wazungu bado nawatilia shaka, msidhani. Ijumaa mbili nimemtuma Shomari akamtazame Marjani, na Shomari mwenyewe namtuma na mtu wa kumtazama. Lakini sasa nikitaka kumshuku mtu, kwanza nainua tandiko langu.

Subira kajifungua siku ya tisa, mtoto wa kike, wazima wote wawili. Mbaraka ndiye aliyekuja kunichukua, na wenzake watatu. Hawajafika hata nusu ya njia akaanza kuhema: "Bibi, mbona mzito hivi? Mti huu unaniua bega."

Nikamwambia, "Sema, mwanangu, sema. Marjani amenibeba miaka sita hana mdomo wa kuniambia."

Nikawaambia wanitue, wapumzike.