Chupa ya Keki Nyeusi

Nasema wazi: dada yule wa maombi sijamsamehe, na watu wa kanisani waache kunitumia ujumbe kwamba hasira ni hasara. Hasara niliipata kwanza. Hasira ikaja baadaye.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Trinidad. Alipohamia kwetu Vällingby, hapa Uswidi, alikuja na nguo chache na chupa moja kubwa ya kioo, yenye mdomo mpana. Ndani mlikuwa na zabibu kavu, plamu na cheri zilizolowekwa kwenye ramu. Kila Desemba alichota za kuokea keki nyeusi ya Krismasi, akabakiza kiasi, kisha akaongeza mpya juu yake. Hakuimaliza chupa ile hata mara moja. Alisema kule chini bado kuna matunda yaliyokatwa na mama yake. Alisema pia kwamba kwao, mgeni wa Krismasi akiondoka bila kipande, nyumba ndiyo iliyoaibika.

Alifariki Oktoba. Wanawake wa kikundi chetu cha maombi walikuja, wa vitongoji vya Hallunda na Tensta, kama ilivyo desturi kwenye msiba. Wakapika, wakasugua sufuria, wakanifukuza jikoni nikakae na wageni. Siku ya tatu binti yangu alifungua kabati, akaniuliza kwa Kiswidi chake: “Mamma, var är farmors burk?” Chupa ya bibi iko wapi?

Ilikuwa kando ya sinki, imeoshwa, inang'aa.

“Nilipata hiyo pombe umeficha,” yule dada wa maombi akaniambia, mikono imejaa povu. “Nikaimwaga yote, matunda nikatupa. Haki dada, majonzi yasikufungulie Shetani mlango.”

“Ilikuwa ya mama!”

“Mama amepumzika. Sisi tunakupigania wewe.”

Nilishuka ngazi bila viatu hadi chumba cha taka. Gari lilikuwa limeshapita. Nikapanda, nikamwambia dada atoke nyumbani kwangu, na maneno mengine ambayo siyarudii hapa. Mume wangu aliinua chupa akainusa, akainusa tena. Ilinuka sabuni.

Desemba alinunua ramu na zabibu, akaoka mwenyewe. Akanikatia kipande. “Onja. Inakaribia ya mama?”

Ya mama sikuwahi kuionja. Mtu aliyeokoka hali pombe, ndivyo nilivyomwambia mwaka wa kwanza, naye akawa ananiokea kikeki changu pembeni, kikavu, bila kulalamika. Na yule dada hakujibunia mwenyewe kwamba chupa ile ni dhambi. Krismasi iliyotangulia kifo cha mama, kikundi kilipokuja kutuimbia, mimi ndiye niliyewanong'oneza mlangoni wasiiguse keki, ina pombe. Walituimbia, wakavaa makoti, wakaondoka mmoja mmoja mikono mitupu, na mama mkwe amesimama pale na sahani yake imejaa.