Dada na Kitufe Kisichobonyezeka

Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyenifundisha kuandika, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake. Mimi nikakua, nikapata stashahada, nikaanza kuwafundisha watu kompyuta kwa video: narekodi skrini yangu huku nikieleza, kishale kikienda pale ninapotaka watazame. Kila video yangu hutanguliwa na nasaha kuhusu uvivu. Wanafunzi huniita Bwana Mawaidha, nami kwa muda mrefu nilidhani ni sifa.

Zahanati moja ilitangaza nafasi ya msimamizi wa wauguzi. Dada aliitaka sana. Alisema kukaa nyumbani kunamzeesha kuliko miaka yenyewe. Maombi yalitakiwa kwa barua pepe, pamoja na vyeti, kabla ofisi haijafungwa jioni ya siku ya mwisho. Vyeti alikuwa navyo tayari kwenye kompyuta. Siku hiyo ya mwisho akanipigia simu nimsaidie kuvituma.

Nikakataa. Kazi ya mtu haifanywi na mwingine, nikamwambia, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nilimtolea methali hiyo yeye, aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza. Kisha nikamtumia video yangu ya kuambatisha nyaraka.

Baada ya muda akapiga. Kitufe kimegoma, akasema. Nikamuuliza kama amefuata nilivyosema.

"Nimefuata. Umesema bonyeza hapa, nikabonyeza. Ukanyamaza, nami nikangoja."

"Ukangoja nini?"

"Uendelee. Nilidhani unafikiri."

Nikamwagiza aanze upya, tangu kwenye nasaha. Akatii. Akapiga tena, na tena, na kila mara sauti yangu ilipanda huku yake ikishuka. Mwishowe akasema taratibu, "Basi, mdogo wangu. Labda kweli kichwa changu kimechakaa. Niwaachie wenye vichwa vipya."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nikavaa viatu.

Nilimkuta kwenye meza ya chakula, miwani puani, amevaa nguo za kazini kabisa. Nikamwomba anionyeshe. Video ikajaa skrini nzima, sauti yangu ikahubiri weee, halafu kishale kikafika kwenye kitufe. "Bonyeza hapa," nikasema mle ndani. Naye kwa utii akabonyeza papo hapo, juu ya picha ya kitufe. Video ikasimama. Tukakaa wote wawili tukiitazama kwa heshima.

"Unaona?" akasema. "Ukishaamuru, unanuna."

Nilikuwa nimewaasa watu dhidi ya uvivu miaka yote, nisijishughulishe hata mara moja kuwaambia kwamba video ni picha tu. Nikaiweka kwenye simu yangu, nikaisimamisha simu kando, nikamfungulia barua pepe yake kwenye kompyuta. Nikaushika mkono wake juu ya kipanya.

"Toa mkono," akasema. "Sasa naona."

Akaambatisha vyeti kimoja kimoja, akatuma. Jibu la kupokelewa likaja ofisi ikiwa bado wazi, na wiki iliyofuata akaitwa kwenye usaili. Kazi akapata.

Siku hizi video zangu huanza kwa kusema: "Usinibonyeze mimi, nitanyamaza tu." Dada alilishika hilo vizuri mno. Nikianza mawaidha mezani kwake, hunigusa bega kwa kidole kimoja, kisha hungoja.