Mkono Unaompumulia Bosi

Saa tatu asubuhi, Rau, mjini Moshi. Mbwa mweusi aitwaye Bosi amelala ubavu juu ya meza ya upasuaji, kifua kimenyolewa. Kooni ameingizwa mpira, na mwisho wa mpira kuna puto la hewa ambalo Leodegar Massawe amelishika kiganjani. Akilibana, kifua cha mbwa kinapanda. Akiliachia, kinashuka.

"Taratibu, Baba Yuditha," anasema Gladys, daktari wa mifugo, bila kuinua macho. "Nafungua kifua sasa. Kuanzia hapa anapumua kwa mkono wako."

"Nipo, daktari."

Leodegar, mwenye miaka hamsini na mbili, ni msaidizi katika kliniki hii ndogo ya mifugo. Anaosha vyumba, ananyoa manyoya, anashika mbwa wakali wasing'ate watu. Siku ya upasuaji anabana puto, kwa sababu mashine ya kufanya kazi hiyo haipo.

Mkono wake si mgeni wa kubana. Kila alfajiri, kabla ya kushuka mjini kutoka Kibosho, anakamua ng'ombe. Mwanzoni mazoea hayo yalimponza.

"Nilikuwa navuta kama chuchu," anasema na kucheka. "Daktari akanifokea, 'Huyo hana maziwa!'"

Msuli wa moyo wa Bosi umechoka, na mfuko unaouzunguka moyo umejaa maji. Moyo unabanwa, hauna pa kutanukia. Vidonge vinausaidia msuli, lakini maji yakitolewa kwa sindano yanarudi. Kilichobaki ni kukata kidirisha kwenye mfuko huo ili maji yapate pa kutokea. Kisu hakitaufanya msuli kuwa mpya. Kitaupa nafasi tu.

Mwenye mbwa ni Elisifa Swai, mjane wa Machame, anayeishi peke yake na ng'ombe mmoja katikati ya migomba. Bosi ndiye aliyekuwa akimjulisha nani yuko getini. Siku hizi mbwa akifungua mdomo, inatoka pumzi tu.

"Watu wananikuta jikoni," analalamika Elisifa. "Nageuka, mtu huyu hapa nyuma yangu!"

Upasuaji ulikuwa ufanyike jana. Elisifa alishaambiwa kwa simu kwamba Bosi asile. Dawa ya usingizi ikimkuta mbwa ameshiba, anaweza kutapika na chakula kikaingia mapafuni.

"Shikamoo, mama. Amekula?" Leodegar alimuuliza Elisifa alipofika na mbwa.

"Marahaba. Hajala. Si mlikataza?"

Leodegar hakuridhika. Amekulia migombani, na anazijua nyumba za huko. Hakuna anayeachwa aondoke na tumbo tupu, na kile anachopewa msafiri mlangoni hakuna anayekiita mlo.

"Na pale mlangoni, mama, ulimwonjesha nini?"

"Aa, maziwa kidogo. Na kiburu kilichobaki jana."

"Kiburu! Ndizi na maharage!"

"Kidogo tu, baba! Ningemtoaje nyumbani hivihivi, na anaenda kukatwa?"

Upasuaji ukaahirishwa. Gladys akapunguza maji kwa sindano na kumweleza Elisifa ukweli: Bosi anaweza asiuone mchana wa kesho.

"Mpasueni tu!" mama akalia. Alipoona hawakubali, akamgeukia Leodegar. "Roho yako ni ya jiwe."

Usiku huo Leodegar hakurudi Kibosho. Alilala kwenye benchi lililo mbele ya banda la Bosi. Alfajiri hii ng'ombe wamekamuliwa na mkewe, Mektrida.

Sasa kidirisha kimekatwa. Maji yametoka, mekundu kama chai ya rangi. Gladys anashona kifua na kupunguza dawa ya usingizi, halafu anasema, "Acha."

Leodegar anaondoa mkono. Kifua kimetulia. Anakitazama, vidole bado vimekunjwa kana kwamba vimeshika puto.

Kifua kinapanda chenyewe.

"Huyo," anasema Leodegar.

Nje, Elisifa amekaa na hotipoti mapajani.

"Yuko hai, mama. Anapumua mwenyewe."

Elisifa anafunika uso kwa kanga. Akishajifuta, anaanza kufungua hotipoti. "Basi nimpe kidogo tu..."

"Mama!"

"Haya, haya! Na wewe je, umekula?"

Leodegar hajala tangu jana mchana. Hotipoti ni ya kiburu, bado kinatoa mvuke. Wanakaa benchi moja, naye anakula kwa mkono uleule.

Bosi atakunywa vidonge maisha yake yote. Nyuzi zitatolewa baada ya wiki mbili, na Leodegar ameomba kwenda kuzitoa mwenyewe Machame.

"Sipigi simu kwamba nakuja," anasema, kinywa kimejaa. "Nataka nisimame getini, Bosi anibwekee mpaka mama atoke na panga."