Folda Mbili na Nusu ya Meza

Siku ya kwanza fundi alipoingia studio ya picha, kabla hata ya kusalimia aliitazama meza ya mlangoni. Mama Picha, mwenye studio, akaliona jicho hilo na kujisemea moyoni: huyu ana shida, na mwenye shida hapangi masharti.

Mtaani walimwita Begi, kwa kuwa begi ndilo lililokuwa ofisi yake. Alitengeneza kompyuta za watu amechutama kwenye ngazi za jengo, mpaka mlinzi amtimue. Alitaka meza, basi.

"Na mimi utanifanyia nini?" Mama Picha akauliza.

Studio ilikuwa na kompyuta nne na folda ya wingu, ile ambayo picha ukiitia kwenye mashine moja inajitokeza kwenye zote. Begi akaahidi programu ya kuitafuta folda hiyo, kuchukua picha mpya na kuzipeleka kwenye printa bila mtu kugusa kitu.

"Ikiipata folda kwenye mashine zote nne bila kuonyeshwa njia, meza ni yako. Ikikwama hata kwenye moja, programu inabaki kwangu na wewe unarudi ngazini."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Kwenye kompyuta ya Begi programu ilikimbia. Kwenye za studio ikagoma: folda haipo. Alikuwa ameiandikia njia ya folda kama ilivyo kwenye mashine yake mwenyewe. Mama Picha naye, kila diski ilipokaribia kujaa, alihamisha folda, mashine hii huku, ile kule.

"Kwa hiyo umetengeneza kitu kinachojua kurudi kwako," akamwambia. "Hilo hata mbuzi analiweza."

"Nipe mpaka Alhamisi, mama."

"Jumatano."

Begi akaenda kuchimba. Akagundua kwamba programu ya wingu yenyewe, popote unapoihamishia folda, huandika mahali ilipo kwenye kijifaili chake cha mipangilio. Sasa ya nini kubahatisha? Programu yake ikisome kijifaili hicho, kisha iende moja kwa moja.

Jumatano studio ilijaa watu wanaosubiri picha za vitambulisho. Mashine ya kwanza, imepata. Ya pili, imepata. Ya tatu, Mama Picha akaanza kuipangusa meza kama anayeaga. Ya nne ilikuwa yake mwenyewe. Printa ikakohoa, ikamtoa Mama Picha amevaa wigi jekundu. Halafu wigi la dhahabu, kaangalia pembeni. Halafu amelala kwenye kochi, mdomo wazi, lebo ya dukani ya wigi ikining'inia juu ya jicho. Saizi ya pasipoti, nakala nane nane.

"Zima!"

"Hebu subirini," akasema mzee mmoja kwenye foleni, "kuna nyingine inakuja."

Mashine ile ilikuwa na akaunti mbili, ya studio na ya mama mwenyewe. Kijifaili kilizitaja zote mbili, na programu ikachukua ya juu.

"Umeshindwa," alisema Mama Picha, akizoa picha za mawigi yake sakafuni. "Ngazi unazijua."

"Mama, tulikubaliana ipate folda. Imepata mbili."

"Hapo amekukamata," mzee akasema.

Mbele ya mashahidi wote wale, kuruka kimanga kungemharibia jina. Lakini kutoa meza nzima? Thubutu!

"Niliyoitaka hukuileta. Chukua nusu ya meza."

"Nusu yenye soketi."

"Yenye soketi. Na urekebishe sasa hivi."

Akarekebisha: programu isome kwanza jina la akaunti, ndipo ichague folda.

Begi alipata nusu ya meza na umeme. Nusu ya pili Mama Picha aliijaza fremu za kuuza, zikamfikia kiwikoni. Mama alipata programu inayoiona folda hata aihamishie wapi, na wateja wa Begi ambao, wakichoka kusubiri, hupiga picha. Siri ya mawigi ndiyo iliyompotea. Mtaa mzima ulishayaona, hayavaliki tena, akayauza kwenye foleni ileile. La kwanza kuondoka lilikuwa jekundu.