Picha ya Mcheza Majembe

Marehemu mume wa jirani yetu wa kijijini Samuye alikuwa akirusha jembe juu, anageuka mzima, kisha anadaka mpini kabla haujagusa ardhi. Nilimwona nikiwa mdogo, enzi kundi lake la bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, lilipokuwa likilima mashamba ya watu kwa ngoma. Alipofariki ilibaki picha moja tu: jembe liko hewani, yeye ameinua macho kulifuata, vumbi limempanda hadi magotini. Mjane wake aliitundika sebuleni.

Nilipomaliza chuo nilijiunga na watu wanaojitolea kuandika kamusi elezo ya mtandaoni kwa Kiswahili. Nikaandika ukurasa wa bugobogobo, na kwa ruhusa ya mjane nikaipiga ile picha kwa simu na kuipandisha.

"Iweke," aliniambia, "watu waone mtu aliyejua kucheza."

Haikukaa. Mhariri mmoja, ambaye sijaonana naye mpaka leo, aliiondoa, kisha akaniandikia kwa adabu. Kuwa na karatasi ya picha, alieleza, si kuwa na hakimiliki yake. Hiyo ni ya aliyeipiga. Nikajitetea kwa kanuni ya matumizi ya haki, ambayo pengine huruhusu kazi ya mtu itumike bila idhini yake kwa ajili ya elimu. Akajibu kwamba hifadhi yetu ya picha haiipokei kanuni hiyo. Na hata ingeipokea, ngoma ile bado inachezwa, basi niende nikapige picha nyingine.

Nilimsomea mjane jibu hilo.

"Nyingine ya nani?" akauliza. "Huyo mwenzako atanipigia mume wangu picha nyingine?"

Aliyeipiga alikuwa bado hai: mzee mwenye studio mjini Shinyanga, Mzaramo ambaye wazazi wake walihamia huku kwa biashara. Wazaramo na Wasukuma ni watani, na tulipomwendea mjane hakungoja tuvuke kizingiti.

"Nimemfuata mume wangu," alisema. "Ulimkuta shambani ukamfungia kwenye kisanduku chako. Mrudishe, mwizi wa Pwani wewe!"

"Mchukue!" mzee akajibu. "Mchukue na jembe lake. Msukuma akishafika mlangoni nani anaweza kumzuia? Shukuruni sijapika pilau, mngebeba na sufuria."

Mjane akapiga kigelegele. Wateja waliokuwa wakisubiri picha za pasipoti wakacheka. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, kwa maana baina ya watani kitu kilichochukuliwa mbele ya mwenyewe hakina kesi. Hata msibani mtani huweza kuondoka na kiti cha marehemu, na wafiwa wakakikomboa huku wanacheka.

Lakini kiti hukombolewa. Picha iliyotolewa kwa leseni huria hairudi, na sikuona haki kuipokea kwa neno la mzaha. Nilijua vilevile kwamba nikifungua mdomo naweza kuikosa. Nikamwamkia mzee kwa heshima, nikamweleza.

"Ukikubali, mzee, hutaweza kuirudisha. Mtu yeyote ataruhusiwa kuitumia, hata kuichapa kwenye fulana akauza, mradi akutaje wewe kuwa mpigaji."

Kicheko kikakatika. Mzee akavua miwani.

"Hata kuuza?"

"Hata kuuza."

Mjane alinitazama kana kwamba nimemwaga maziwa nikiwa mlangoni kabisa. Mzee akatusimulia jinsi alivyowahi kuikuta picha ya harusi aliyoipiga yeye kwenye kalenda ya duka ambalo halikumuuliza neno. Kisha akamgeukia mjane, na safari hii hapakuwa na utani.

"Mama, picha niliipiga mimi, lakini uso ni wa mumeo. Siku ukimkuta kwenye fulana ya mtu usiyemjua, huko Kahama, utajisikiaje?"



"Nitamsimamisha mwenye fulana," mama yule akasema, "nimweleze huyo ni nani. Sasa hivi yuko ukutani kwangu, na wanaoingia kwangu wote wanamjua. Nitamweleza nani?"

Mzee aliniomba nimsomee masharti yote, na palipomtatiza akanirudisha nyuma. Aliporidhika alitafuta kwenye makopo negativu, ile filamu picha ilikotoka, akaisafisha kwa pumzi na kitambaa, na idhini akaiandika mwenyewe kwenye simu kwa kidole kimoja, akikataa msaada wangu.

Ninamshukuru kwa kidole kile, na ninamshukuru mama yule aliyenivumilia nilipokuwa nikihatarisha alichokipenda. Ninamshukuru hata mhariri nisiyemjua. Angeniachia ile picha yenye mng'ao wa kioo cha fremu, nisingemwuliza mzee chochote. Iliyopo sasa imetoka kwenye negativu, na hata jasho shingoni mwa mchezaji linaonekana.

Iliporudi mtandaoni nilimpelekea mjane simu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akataka kujua maandishi ya chini yanasemaje. Nikamsomea: kwanza jina la mumewe, halafu jina la mpigaji.

"Mzaramo huyo!" akasema. "Jasho la mume wangu, na yeye yumo!"

Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya khanga. Halafu akaniagiza nimpigie mtani wake simu, amtukane vizuri kwanza, ndipo amwambie wabeja, asante.