Ukoo wa Ndama Wangu

Sifa na shukrani ni kwake Mungu, aliyenipa miaka ya kuwaona wajukuu, na masikio ambayo bado yanasikia, hata maneno nisiyoyapenda. Namshukuru pia kwa ajili ya ndama, ingawa shukrani hiyo ilichelewa kidogo.

Nilipostaafu ukarani wa reli, nilijenga zizi la ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba yetu, pembezoni mwa mtaa wa Komarock, Nairobi. Upande wa pili wa ukuta mjane mmoja alifuga nguruwe wanne. Kila asubuhi alikwenda soko la Kariobangi kuwaokotea majani ya kabeji, na kwa nguruwe hao alisomesha watoto wake. Katika kanisa letu nyama hiyo hailiwi. Mimi, nikiwa mzee wa kanisa, niliuona ukuta ule mwembamba mno.

Ng'ombe wetu alipozaa, nilimfundisha mjukuu wangu wa miaka minne desturi ya kwetu magharibi: unachovya vidole kwenye maziwa, ndama anavinyonya, nawe unavishusha polepole mpaka ajue kunywa ndooni. Mtoto alicheka hadi akaketi kwenye nyasi. Nilijivuna. Niliwaambia majirani kwamba huyu, hata kama amezaliwa Nairobi, hatasahau kwao.

Siku chache baadaye ndama akaharisha. Nikasema ni maziwa mengi. Wiki iliyofuata mtoto naye akaharisha, macho yakaingia ndani, akalazwa siku tatu. Hapo sikusema maziwa. Nilisema nguruwe.

Nikaiandikia kamati ya mtaa barua, kwamba wanyama wale waondolewe. Mwandiko wangu ni mzuri. Nilikusanya sahihi baada ya ibada, na watu ambao hawajawahi kuuona ukuta ule walitia sahihi kwa furaha.

Kabla kamati haijakutana, alibisha hodi binti wa chuo kikuu, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, akaomba kinyesi. Nimeombwa mengi na kanisa na serikali, lakini hicho kilikuwa kipya. Alieleza kwamba anachunguza kimelea, kidudu kisichoonekana kwa macho, kinachokaa matumboni mwa mifugo na kuwaharisha hata watu.

"Kwa darubini vyote vinafanana, mzee," alisema. "Lakini tukisoma vinasaba vyake, tunaona koo mbalimbali. Kuna ukoo wa nguruwe, kuna unaopenda ndama, kuna wa watu peke yao."

Ukoo! Hapo alinipata. Kwetu, kijana akileta mchumba, mimi ndiye ninayeitwa kuuliza koo, maana wa ukoo mmoja hawaoani. Nimezuia harusi mbili, moja keki ikiwa mezani.

"Chukua cha ndama," nikamwambia. "Chukua cha nguruwe, jirani hatakataa. Na cha mtoto mama yake atakupa. Ila majibu usiniletee kwa siri. Yasome mbele ya kamati."

"Una hakika, mzee?"

"Ukweli hauogopi watu, binti yangu."

Kamati ilikutana uani kwangu, Jumapili alasiri, kwenye viti vya kanisa. Mjane aliketi mwisho, mikono mapajani. Nilifungua kwa maombi, nikimsihi Mungu afunue kila kilichofichika. Hakuchelewa kunijibu.

"Nguruwe wanacho kimelea," binti alisoma.

"Amina," nikaitikia, peke yangu.

"Lakini ni cha ukoo wa nguruwe, ambao ni nadra kuonekana kwa watu. Cha mtoto ni ukoo mwingine kabisa. Kinalingana na cha ndama wa mzee."

Mwenyekiti alikohoa. "Mtoto alikuwa akimgusa huyo ndama?"

Kabla sijajibu, mjukuu wangu, aliyekwisha kupona, akainua vidole viwili. "Babu alinifundisha. Hivi!" Akavitia kinywani.

Ndipo mjane akafungua mdomo. "Mzee, si wewe ndiye muuliza koo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi huyo ndama na nyumba yako ni ukoo mmoja. Msije mkaoana."

Walicheka wote, hata waliotia sahihi. Hao ndio waliocheka zaidi.

Niliomba nirudishiwe barua yangu. Mwenyekiti akasema kwamba barua ikishapokelewa haifutwi ila kwa barua nyingine. Nikaiandika palepale, kwa mwandiko uleule mzuri: nguruwe wabaki, kosa ni langu. Nikaizungusha itiwe sahihi. Mmoja alikuwa amesahau miwani, mwingine alikuwa na haraka. Ikaenda na sahihi moja, yangu, nayo ilitosha.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kipande cha sabuni juu ya ukuta.

"Ni cha nini, mama?" nikauliza.

"Cha baada ya ndama," akajibu kutoka upande wa pili. "Mimi hunawa kila nikitoka kwa nguruwe. Kwani wewe ulidhani ng'ombe ameokoka?"

Tangu siku hiyo tunanawa, mimi na mtoto, na ndama anakunywa ndooni mwenyewe.

Nawe unayesoma, Mungu akulinde pamoja na wote wanaokula mezani pako. Akupe mikono safi, na ukuta mfupi kati yako na jirani mwenye subira.